Mwalimu Aliyelinda Rangi ya Ndiva

Mwalimu huvaa sweta Same. Anayeijua Same, hasa wakati wa kiangazi upepo unapofagia vumbi mpaka ndani ya vikombe vya chai, ataelewa kwa nini naanza na hilo. Watu wote wanatembea wamefungua vifungo, yeye anakuja amejifunga mpaka shingoni, sweta ya kahawia yenye mabaka ya chaki ambayo hayakutoka hata baada ya kustaafu. Ukimuuliza, anasema, "Mimi ni mtu wa Chome. Baridi ya kule haina taarifa." Ukimkumbusha kwamba Chome aliondoka miaka mingi, na kwamba hapa tuko bondeni, anakutazama kwa huruma, na macho yake yanapanda tena kuelekea milimani.

Alinifundisha hesabu sekondari. Baadaye, nilipofungua duka langu la stationari karibu na stendi, akawa mtu wa kona moja mle ndani. Nilikuwa na kompyuta mbili, moja ya kazi na nyingine ya zamani niliyoiweka dirishani kwa kukosa mnunuzi. Ile ya zamani ikawa ya Mwalimu. Hatukuwahi kukaa tukakubaliana. Alikuja siku moja kuandika barua, akarudi kesho yake, na mwisho nikajikuta nawaambia wateja, "Hapo pana mtu," hata kama kiti kilikuwa kitupu.

Sisi wote tuliosoma kwake tunakumbuka namna alivyoingia darasani. Alisimama kwanza mlangoni, kimya, akapitisha macho. Kisha akasema, "Nani amesogeza dawati la dirishani?" Na kweli lilikuwa limesogezwa, kiasi cha upana wa kiganja. Tulidhani ana wapelelezi. Kulikuwa na mwenzetu, msichana kutoka Msangeni aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake hapa mjini, ambaye alikuwa na tabia ya kunyoosha mkono hata kabla swali halijaisha. Wiki moja akaacha. Sisi tuliokaa naye dawati moja hatukuona kitu. Mwalimu aliona, akamfuata mpaka kwa shangazi, na ikajulikana kwamba mtoto alikuwa haoni ubaoni na anaona aibu kusema. Akapimwa macho, akavaa miwani, akaanza tena kutukera na mkono wake.

Lakini usimfanye malaika. Mke wake alipaka sebule rangi ya bluu, sebule iliyokuwa ya maziwa tangu waoane. Mwalimu akala humo, akasoma gazeti humo, akapokea wageni humo, na siku kadhaa baadaye akauliza kwa nini nyumba inanuka rangi. Mkewe hunisimulia hadithi hiyo kila nikienda kwao, naye Mwalimu hukaa pale pale akitazama ukuta, kama vile anasimuliwa habari za mtu mwingine.

Na ana woga. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe halisemi. Jioni nikifunga duka analivuta kufuli, anaondoka, anarudi, analivuta tena.

"Pasi umezima?"

"Mwalimu, duka halina pasi."

"Najua. Lakini umezima?"

Tulimcheka sana kwa hilo, mimi na wasichana wangu wa dukani. Mimi nilicheka zaidi kidogo kuliko wao, maana woga wangu ulikuwa mkubwa kuliko wake na niliuficha vizuri zaidi.

Mama yangu alikuwa anakaa Makanya, na nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa korongo. Baba aliijenga pale enzi anafanya kazi kwenye machimbo ya jasi, na alipofariki mama akagoma kuhama. Makanya ni pakavu. Mvua ikinyesha ni ya kulowesha vumbi tu. Mahindi ya mama yaliishi kwa maji yanayoshuka kutoka milimani, yanayofika yamebeba matope mazuri ya huko juu, anayakinga kwa mfereji yanaingia shambani. Maji hayo hayo ndiyo yaliyowahi kuondoka na jiko la jirani, na mbuzi, na mwaka mmoja mtu mzima aliyedhani atawahi kuvuka. Nikiona wingu jeusi juu ya msitu wa Shengena nilishindwa hata kutoa fotokopi. Karatasi zilikuwa zinaingia upande.

"Mama, njoo tukae wote Same."

"Nije Same nilime nini? Lami?"

Kule juu kuna ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa la kuchimba ambalo wazee wetu waliliweka mlimani kukinga maji ya kijito. Linajaa usiku, asubuhi linafunguliwa, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Ziko nyingi, moja chini ya nyingine, zinapokezana maji. Masika yakiwa makali zinafurika, na zikifurika kwa pamoja, korongo la Makanya halitaki mtu karibu.

Mradi mmoja wa maji ulikuja ukaweka vipimo kwenye ndiva hizo, ukatengeneza na ukurasa wa mtandao. Ukiufungua unaona visanduku, kila ndiva na chake: kijani maji yakiwa ya kawaida, njano yakipanda, nyekundu yakifika ukingoni. Ulikuwa ukurasa mzuri, ila haukumsaidia mtu, maana nani kule Makanya ataacha kazi zake ashinde anautazama? Mwalimu akawaandikia wenye mradi, akawaomba wawatumie watu ujumbe kisanduku kikigeuka rangi. Wakamjibu kwa adabu kwamba ukurasa ule ni wa taarifa tu.

"Wa taarifa," Mwalimu alirudia siku nzima. "Wa taarifa, lakini haumtaarifu mtu."

Akaamua kuulinda mwenyewe, kutoka nje. Uandishi wa programu alijifunza baada ya kustaafu, umri ambao wenzake walikuwa wanafuga kuku. Ukurasa haukuwa wake na hakuweza kubadilisha humo hata nukta, lakini aliniita kwenye kona, akabonyeza kitu, upande wa pili ukafunguka maandishi yanayoujenga ukurasa.

"Unaona kisanduku hiki ni kijani," alisema. "Nyuma yake limebandikwa neno. Wanaliita klasi. Hili hapa: tulivu. Maji yakipanda, mtambo wao unalibandua neno hili na kubandika jingine, hatari. Rangi inafuata neno. Kwa hiyo mimi sihangaiki na rangi, binti. Mimi nalivizia neno."

Jaribio lake la kwanza lilikuwa la mtu mwoga. Aliandika programu ya kuuliza. Klasi imebadilika? Haijabadilika. Imebadilika? Bado. Iliuliza mfululizo bila kupumzika, kompyuta ile kuukuu ikaanza kuunguruma na kutoa joto, na Mwalimu akawa anakaa mbele yake anaitazama inavyouliza, kwa hiyo wakawa wawili wanauliza. Hakunywa chai. Hakujibu mtu. Mkewe akanipigia simu kuuliza kama nimemwajiri.

Kisha siku moja aliingia dukani mbio, sweta imepinda.

"Binti! Kinaweza kutuambia chenyewe!"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, marahaba. Chenyewe!"

Alikuwa amegundua kwamba kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, kinaweza kupewa kazi ya ulinzi. Unakionyesha kisanduku unachokitaka, unakiambia: klasi ya hiki ikiguswa, niite. Baada ya hapo huulizi tena. Kinakaa kimya mpaka siku ya jambo lenyewe. Mwalimu alikiita Mlinzi, na Mlinzi akiitwa kazini alituma ujumbe kwenye simu za watu wa korongoni: "Maji yanakuja. Kaeni mbali na korongo." Ndiva zikitulia alituma mwingine wa kusema hivyo. Kwenye ule wa kwanza mimi nilishauri tuongeze neno tafadhali. Alikataa katakata.

Tangu siku hiyo akawa mhubiri. Kila aliyekaa kwenye ile kona, hata aliyekuja kupiga picha ya pasipoti, alisikia mahubiri yale yale. "Kuuliza-uliza ni woga. Mwambie akuambie, kisha nenda kanywe chai." Alimwambia hivyo mama mmoja aliyekuwa akimpigia binti yake wa chuo kila saa. Alimwambia mchungaji. Yeye mwenyewe chai aliletewa pale pale kwenye kona, na ilipoa pale pale, kwa sababu macho hayakutoka kwenye kioo. Nikimtania kwamba anamlinda Mlinzi, alisema anapumzika.

Mlinzi alifanya kazi masika yale yote. Kisanduku kikigeuka, simu zinaita. Jirani wa mama, mfugaji wa Kimaasai ambaye boma lake liko ng'ambo, alikuwa akipata ujumbe na kupandisha ng'ombe wake mwinuko kabla ya tone la kwanza kufika. Alinipigia mwenyewe kushukuru. Mama naye akawa anamsifu Mwalimu kuliko alivyowahi kumsifu mtu yeyote wa familia yetu.

"Mwalimu wenu ana faida," aliniambia. "Hajanikosesha hata mara moja."

Nikaanza kulala. Sina namna ya kueleza ilivyokuwa, kulala huku mvua inapiga bati bila kukaa kitandani na simu mkononi. Niliponenepa kidogo watu walidhani ni biashara.

Sasa, wale wenye mradi walikuwa wamevipanga visanduku kwa alfabeti. Kwa mtu wa mjini hilo si kitu. Kule juu lilikuwa tusi. Ndiva zina mpangilio wake, na mpangilio huo ni wa maji: ya juu kabisa ndiyo ya kwanza kujaa, ya kwanza kutajwa, na watu wake ndio wanaoanza kusema kikao cha maji kikikaa. Kwenye ukurasa, ndiva ya juu ilikuwa ya mwisho, chini kabisa, na ndiva moja ndogo ya huko chini, iliyochimbwa juzi, ilikuwa inakaa kileleni. Wazee wakaitisha kikao Chome. Mzee mmoja alisimama akauliza, "Maji yanaanzia kwetu. Jina letu linakujaje mwisho?"

Nilimsindikiza Mwalimu kwenye kikao hicho, barabara ile ya mawe, nikitegemea atawatuliza. Mtu wa kompyuta, nilidhani, atawaambia wazee kwamba mpangilio wa visanduku haubadilishi maji. Kumbe nilisahau yeye ni mtu wa ndiva ya juu. Alisema kwa sauti kuliko wote. Alisema atakayeandika majina ya ndiva bila kuuliza maji yanatoka wapi, kesho ataandika zamu bila kuuliza pia. Wazee wakapiga makofi. Barua ya malalamiko akaiandika yeye, kwa Kiswahili kile chake cha mtihani wa taifa, na mimi nikaichapa.

Wenye mradi wakaomba radhi na kuupanga upya ukurasa. Ndiva ya juu ikaja juu. Mwalimu aliniomba nimtolee nakala ya rangi, akaipeleka Chome mwenyewe, na aliporudi alikuwa mtu mwingine. Siku hizo hata kufuli la duka alikuwa halivuti. Alikunywa chai ikiwa moto, mara ya kwanza namwona.

Kosa lilikuwa limeshafanyika. Waliopanga upya hawakuvisogeza visanduku vya zamani. Walivitupa, wakachora vingine vinavyofanana navyo kabisa, kwa mpangilio walioutaka wazee. Mlinzi alikuwa ameagizwa kulinda kisanduku kile, si kinachofanana nacho. Basi akaendelea kulinda kile kilichotupwa. Hakipo tena kwenye ukurasa, hakiwezi kubadilika, na Mlinzi hana la kusema. Alikuwa kama askari aliyeachwa anazunguka nyumba ambayo wenyewe walishahama. Na kwa kuwa ilikuwa kiangazi, vyote vilikuwa kijani, kimya chake kilifanana na kimya cha siku zote.

Mvua za kwanza zilikuja Jumapili. Tulikuwa kanisani hapa mjini, na tulipotoka, milima ilikuwa imetoweka. Palikuwa na giza tu pale Shengena ilipo. Nikamtafuta Mwalimu kwenye umati. Alikuwa amesimama karibu na geti, simu iko kiganjani.

"Kimya?" nilimuuliza.

"Kimya."

"Basi huko juu bado ni salama."

Tulisalimiana na watu. Mkewe alikuwa anaongea habari za makande aliyoyaacha jikoni na jinsi tutakavyokula wote. Mwalimu alitembea hatua kadhaa pamoja nasi, akasimama.

"Binti, nifungulie duka."

"Leo Jumapili, Mwalimu."

"Nifungulie."

Alikuwa anavunja mahubiri yake mwenyewe. Alitaka kutazama. Nilifungua, akaenda kwenye kona bila kukaa, akaigusa kompyuta, kioo kikawaka. Ndiva ya juu ilikuwa nyekundu. Iliyo chini yake, nyekundu. Zote zilikuwa nyekundu, safu nzima, zimepangwa vizuri kwa heshima kama wazee walivyotaka, na simu iliyokuwa mkononi mwake haijaita hata mlio.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukiisha namna ile. Akaanza kupiga simu, mmoja mmoja, kwa sauti ya darasani: "Ondokeni korongoni. Ondokeni sasa hivi." Mfugaji akapokea. Wengine wakapokea. Ya mama ikawa haipatikani. Akapiga tena, na tena, na mimi nilikuwa nimeshatoka, nimeshasimamisha gari la kwanza linaloelekea Makanya, nimevaa viatu vya kanisani.

Barabara ile sikumbuki. Nakumbuka nilikuwa namwambia dereva aongeze mwendo na yeye ananiambia, "Pole, dada, pole," na mkonge unapita dirishani, mistari na mistari. Nilikuwa nimeshamzika mama. Nilikuwa nimeshafika kwenye nani atasoma wasifu.

Nilimkuta ameketi ndani, anapukuchua maharage. Korongo lilikuwa linanguruma nje, limejaa mpaka juu, na yeye mkavu, kanga imefungwa vizuri, amekasirika.

"Simu imeisha chaji toka asubuhi," alisema. "Hata kabla haijazima hakuna kilichoingia. Mwalimu wenu leo amelala?"

Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Lile swali nililichukua kama utani wake.

Hakufa mtu siku ile. Mwalimu hakulihesabu hilo. Alikaa kwenye kona siku mbili anaupekua ukurasa mpaka akaona kisanduku cha zamani hakipo, na aliponieleza sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayesoma barua ya msiba. Akamhamisha Mlinzi. Sasa hakulinda tena kisanduku kimoja kimoja. Alilinda sehemu nzima inayobeba visanduku vyote, na chochote kitakachowekwa ndani yake baadaye. Alimjaribu asubuhi, akamjaribu mchana. Alirudi kuvuta kufuli. Alirudi kuulizia pasi.

Na kila alipomaliza kujaribu, alinigeukia na kusema lile lile: "Sikumwita mama yako."

Mvua zikakatika kwa wiki kadhaa. Mwishowe akasema, "Nipeleke kwake. Nataka kumwomba radhi."

Tulikwenda siku ya kazi, mchana, nikawaachia wasichana duka. Alivaa koti juu ya sweta. Mama alitupokea uani, akanyanyua kigoda kwa ajili ya mgeni, lakini Mwalimu hakukaa. Mama ni mkubwa kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu sana. Hatimaye nimekuona sura."

Aliomba radhi amesimama, mikono nyuma, kwa maneno aliyoyaandaa, nadhani, tangu Same. Kwamba watu walimtegemea. Kwamba siku ya hatari chombo chake kilinyamaza. Kwamba kosa lilitokana na yeye mwenyewe, kwa mambo ya heshima ya ndiva, na kwamba kama pangetokea jambo asingejua aniangalieje mimi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Radhi ya nini, Mwalimu? Njooni niwaonyeshe."

Akatupeleka ukingoni. Nilipafahamu pale. Palikuwa na mdomo wa mfereji, na jukwaa dogo la udongo ambalo baba alilishindilia. Havikuwepo. Ukingo ulikuwa umemegwa, wima, mpaka chini kabisa kwenye mawe.

"Ujumbe wako ukiingia," mama alisema, "mimi huwa nashuka hapa kufungua mfereji. Maji haya ukichelewa yanapita zake. Zamani nilikuwa nabahatisha, lakini tangu ulipoanza kutuandikia sijakosa. Siku ile hukuniita, nikakaa zangu ndani. Ukingo ukaondoka. Ungeniita, ningekuwa nimesimama pale." Akanyoosha kidole kwenye hewa tupu.

Nilimgeukia. "Mama! Ujumbe unasema kaeni mbali na korongo!"

"Unaanza kwa kusema maji yanakuja," alisema. "Hayo mengine ni ya watoto."

Mwalimu alikaa chini, kwenye udongo, na koti lake la kanisani. Masika mazima. Kila kisanduku kilipogeuka nyekundu, kila mara Mlinzi alipofanya kazi yake bila kosa, alikuwa amemtuma mama yangu korongoni, na mimi nilikuwa nimelala usingizi. Nilimwona anayafikiria hayo.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nakuleta hapa," alisema.

"Na nikashukuru," mama alisema. "Nyanyuka, Mwalimu, utachafuka."

Tulirudi uani. Mama aliwasha moto wa chai, akaanza kumweleza kwamba ameshachimba mdomo mpya wa mfereji, kule juu kidogo, mahali pazuri zaidi. Mwalimu alikuwa hasikii. Alikuwa ameitazama milima, na milima ilikuwa imefunikwa.

Simu ikaita kifuani mwake. Hakuhitaji kuitoa. Ya mama nayo ikalia dirishani, na yangu. Ng'ambo ya korongo mfugaji alipiga mluzi, tukaona ng'ombe wake wanageuka na kupanda mwinuko, ndama mbele, akapunga mkono na kupaza sauti, akimwita mama kwa Kimaasai, "Yeyo! Maji!" Kwa hiyo Mlinzi hakuweza kuzimwa. Nililielewa hilo pale pale, na Mwalimu alilielewa.

Mama alikuwa ameshaacha chai. Jembe lilikuwa limeegemezwa mlangoni. Sikujua kama mzee yule ana mbio. Mwalimu alilifikia kabla yake, akalikumbatia kwa mikono yote miwili, mpini ukapita chini ya kidevu.

"Mwalimu, nipe jembe."

"Sikupi, mama."

"Maji hayanisubiri mimi."

"Yaende."

"Mahindi yametoa mbelewele. Yakikosa haya, hayazai. Nitakula nini?"

Mwalimu aling'ang'ana tu. Mama alilishika jembe upande wa chini akavuta, naye akavuta, wazee wawili wanazunguka uani wanahema, na kuku wanakimbia. Mama alimwita majina ambayo sikujua anayajua. Nilimshika kiuno kutoka nyuma. Nilimshika mama yangu mzazi kama mtu anavyomshika mwizi, nikaweka uso mgongoni kwake, nikahisi mbavu zake, jinsi zilivyokuwa nyembamba.

Yakaja. Kwanza ilikuwa kama lori barabarani, kisha ardhi ikatetemeka, kisha tukayasikia yanapita, maji mengi, yanakwenda tambarare bila kugusa shamba. Mama aliacha kuvuta. Alilia, wala si kwa hofu.

"Yamekwenda," alisema.

Mwalimu hakuliachia jembe mpaka simu ilipoita tena kusema ndiva zimetulia.

Mahindi yale hayakuzaa. Mama alihamia kwangu Same kwa hasira, akaja na kuku wake na mlango wa nyumba, maana hakutaka kuuacha. Mchana huja kukaa dukani. Mwalimu akiingia asubuhi humwamkia yeye kwanza, kabla yangu, akiwa ameinamisha kichwa kidogo, kisha husimama pale akingojea. Mama haitikii. Akishangojea vya kutosha, Mwalimu huenda kwenye kona yake, akaketi.